Xolo kipara au Xolo wa manyoya, uchukue yupi?

Huu ubishi hauishi. Kwanza jueni Xoloitzcuintli (ndo Xolo), aina ya mbwa wa Mexico, wote damu moja, tumbo moja linatoa kipara na wa manyoya pamoja, tofauti ni jeni moja tu.

Matunzo? Kipara hamwagi manyoya ndani na kiroboto unamwona fasta, lakini ngozi yake kazi kwelikweli, jua linamuunguza, chunusi zinamtoka akiwa kijana, baridi ikija umvishe sweta. Meno pia, kipara mara nyingi anakosa magego kadhaa, mwenzie kinywa kimejaa.

Kwenye hadithi ndo patamu. Waazteki, watu wa Mexico ya kale, waliamini mbwa anamvusha marehemu mto kuelekea Mictlan, yaani kuzimu, na watu wanadhani hapo kipara kashinda, kumbe kwenye maandishi ya Sahagún, mtawa Mhispania, ya karne ya 16 kinachoangaliwa ni rangi, mweupe anakataa eti katoka kuoga, mweusi eti kashajipaka weusi (visingizio hivyo!), wa njano ndo anavusha.

Kwako jua kali na mbwa anashinda nje? Wa manyoya. Unakaa flati na unachukia kufagia manyoya, basi kipara, ila losheni isikose.