Tahadhari: Seti za amplifaya ya klasi A zinazouzwa na mosfeti bandia na transforma isiyotosha

Ninaandika tahadhari hii kwa mafundi wenzangu, hasa wale wanaoanza, ambao wanapanga kununua mtandaoni seti ya kujiundia amplifaya ndogo ya klasi A, ile ambayo mosfeti moja (aina ya transista ya nguvu) katika kila chaneli hubeba wimbi zima la sauti bila kugawana kazi na mwenzake. Nilinunua seti ya aina hiyo ikiwa kamili: bodi mbili, mosfeti nne za IRFP240, transforma ya duara, kapasita za kuchuja umeme na hitisinki mbili, yaani vipande vya alumini vya kupoza mosfeti. Tangazo liliahidi wati 20 kwa kila chaneli kwenye spika ya omu 8. Nilipokuja kuipima seti hiyo kifaa kwa kifaa, niligundua kwamba karibu kila kilichoandikwa juu yake hakikuwa kweli, na kwamba baadhi ya uongo huo ungeweza kuunguza nyumba.

Kosa langu la kwanza ni kwamba sikupiga hesabu kabla ya kulipa, ingawa hesabu yenyewe ni fupi. Ili kutoa wati 20 kwenye omu 8, wimbi linapaswa kufikia kilele cha volti 18 hivi na ampea 2.2 hivi. Kwa kuwa amplifaya ya namna hii haiwezi kutoa mkondo mkubwa kuliko ule inaoupitisha wakati imetulia, kila chaneli inahitaji takriban ampea 2.5 muda wote, kwenye umeme wa volti 40. Hizo ni wati 100 kwa chaneli moja na wati 200 kwa chaneli mbili, zinazoliwa hata pale muziki usipopigwa, na karibu zote hugeuka joto. Hata katika hali bora kabisa, saketi yenye mosfeti moja inayolishwa na chanzo cha mkondo usiobadilika (kazi ya mosfeti ya pili ya kila chaneli) haivuki ufanisi wa asilimia 25. Kwa hiyo muuzaji anayekuonyesha kisanduku cha ukubwa wa kiganja na kukuahidi wati 50 za klasi A anakuambia jambo lisilowezekana, na huna haja ya kumuuliza swali la pili.

Sasa tazama hitisinki alizonitumia. Ili kuondoa wati 100 huku joto likipanda nyuzi 30 tu juu ya hewa ya chumbani, hitisinki inapaswa kuwa na kiwango cha nyuzi 0.3 kwa kila wati, na kipande cha alumini cha kiwango hicho ni kizito na kina mapezi marefu. Zangu zilikuwa nyembamba, kila moja ikitoshea mkononi, na nilipozipima kwa kuzipitishia wati 20 tu zilipanda nyuzi 30 na zaidi. Kwenye picha ya tangazo zilionekana hitisinki kubwa zilizosimama pande zote mbili za kasha, lakini nilipolalamika nilijibiwa kwamba picha ilikuwa ya mfano.

Transforma ndiyo iliyonitia hofu zaidi. Lebo yake ilisema volti-ampea 300, kipimo cha uwezo wa transforma. Transforma ya duara ya uwezo huo kwa kawaida huwa na uzito wa kilo mbili na nusu hivi, kwa sababu uwezo wake unatokana na chuma na shaba vilivyomo ndani yake, wala hakuna njia ya mkato. Yangu haikufika hata kilo moja, uzito unaolingana na transforma ya volti-ampea 80 hivi. Kwa uangalifu nilianza na ampea 1.2 tu kwa kila chaneli, yaani nusu ya inayohitajika. Ndani ya dakika chache umeme uliopaswa kuwa volti 40 ulishuka hadi 31, na kabla ya nusu saa kupita sikuweza tena kuishika transforma kwa mkono, huku harufu ya vanishi inayoungua ikianza kusambaa. Nilizima papo hapo. Mchoro wa muuzaji haukuwa na fyuzi upande wa umeme mkuu wala waya wa ardhi wa kufungwa kwenye kasha. Fyuzi na waya wa ardhi niliviweka mwenyewe kwa mazoea. Anayeanza, anayefuata mchoro kama ulivyo, asingeviweka.

Tangu dakika ya kwanza spika zilitoa muungurumo mzito. Niliweka multimita kwenye skeli ya umeme geu na kukuta kama volti moja na nusu ya mabaki ya wimbi juu ya umeme nyoofu. Kapasita ya kila chaneli iliandikwa mikrofaradi 10,000. Nilipoipima ilitoa 2,100. Panapotumika umeme wa hezi 50, kapasita huchajiwa mara 100 kwa sekunde, na kwa mkondo wa ampea 1.2 kapasita halisi ya 10,000 ingeacha mtikisiko wa volti 1.2 kutoka bonde hadi kilele, ilhali hii yangu iliacha zaidi ya volti 5. Nililikata kopo lake kwa msumeno mdogo na ndani nikakuta kapasita nyingine nyembamba, imezungushiwa karatasi ili isicheze. Saketi ya mosfeti moja haina uwezo mkubwa wa kukataa uchafu wa umeme, hivyo chochote kinachobaki kwenye laini ya umeme hufika moja kwa moja kwenye spika.

Siku iliyofuata, nikitumia umeme wa benchi (kifaa cha karakana cha kutoa umeme nyoofu) badala ya ile transforma, mosfeti moja ilikufa na kubaki shoti, yaani inapitisha umeme bila kizuizi. Hapo ndipo nilipozipima zilizosalia. IRFP240 halisi inahimili volti 200 na ampea 20, na ikiwashwa kikamilifu ukinzani wake hauzidi omu 0.18. Kipimo chake ni rahisi: mosfeti ina pini tatu, geti, dreni na sosi; unga betri ya volti 9 kati ya geti na sosi, chanya ikiwa kwenye geti, kisha pitisha ampea 2 kutoka dreni kwenda sosi na usome volti kati ya pini hizo mbili. Mosfeti halisi itasoma chini ya volti 0.4 au karibu na hapo. Zangu zilisoma 1.3. Nilipozisugua kwa pamba yenye asetoni, maandishi yalitoka pamoja na tabaka jembamba la rangi nyeusi, na chini yake ukajitokeza uso wenye mikwaruzo ya msasa. Zilikuwa mosfeti ndogo zaidi zilizofutwa majina yake na kubatizwa jina la kubwa. Tena, vipande vya kutenganisha mosfeti na hitisinki havikuwa maika (madini yanayozuia umeme) bali plastiki laini, na kimoja kilikuwa kimekwisha kutoboka, kwa hiyo hitisinki yenyewe ilikuwa na umeme.

Ni haki kusema kwamba mchoro wa saketi ya sauti hauna kosa. Amplifaya za klasi A za wati 10 zimechapishwa wazi miaka mingi: John Linsley Hood alitoa yake katika jarida la Wireless World mwaka 1969, na Nelson Pass akatoa Zen, inayotumia mosfeti moja, mwaka 1994. Wauzaji wa namna hii huchukua michoro inayoaminika, wakaongeza wati kwenye tangazo na kupunguza kila kinachogharimu, yaani shaba, chuma, alumini na silikoni. Kinachoniuma ni kwamba anayejenga kwa mara ya kwanza ataamini kuwa yeye ndiye aliyekosea, au kwamba klasi A haifai, ilhali amplifaya hiyo ikilishwa vizuri ina sauti tamu kweli.

Muuzaji naye ana utaratibu wake. Kwanza alisema nimeunga vibaya. Nilipomtumia picha za vipimo aliomba video, na nilipotuma video akaniahidi vifaa vipya kwa sharti kwamba nifunge malalamiko kwanza. Sikuyafunga, na tafadhali nawe usiyafunge, kwa maana yakishafungwa au muda wake ukishapita huna pa kuanzia. Usikubali pia kulipa nje ya jukwaa unalonunulia kwa ajili ya punguzo. Nilirudishiwa sehemu ya fedha baada ya mvutano mrefu, na baada ya hapo duka lilibadili jina, lakini linatumia picha zilezile: kasha la fedha, hitisinki mbili kubwa, na kebo nyekundu iliyokunjwa upande wa kushoto.

Kabla ya kununua, mwombe muuzaji uzito wa transforma kwa kilo, kiwango cha hitisinki kwa nyuzi kwa wati, na mkondo wa kutulia wa kila chaneli, yaani ule inaoupitisha muda wote. Muuzaji wangu hakuwahi kujibu hata moja kati ya hayo matatu.

Kama umekwisha kununua, usiichomeke kwenye umeme mkuu kwanza. Pima uzito wa transforma, pima kapasita, pima mosfeti kwa njia niliyoieleza. Ukiwasha kwa mara ya kwanza, teremsha mkondo wa kutulia hadi chini kabisa na uunge balbu ya waya ya wati 60 au 100 kwa mfululizo na umeme mkuu. Ikimulika kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna shoti. Ikififia, endelea, lakini kumbuka kwamba katika klasi A balbu itazidi kung'aa kadiri unavyopandisha mkondo, kwa hiyo itoe kabla ya marekebisho ya mwisho na ubaki na fyuzi. Transforma ikiwa nyepesi kama yangu, usiitumie kwa amplifaya hii hata kwa majaribio, na usiiache imewashwa ukatoka chumbani.