Kofia ya sumaku ya kutibu sonona: nimeifungua, msinunue

Wakuu habari za jioni. Kuna kofia inauzwa hapa Kigoma, nyeusi, ina waya wa kuchaji na taa ya bluu kwa mbele, boksi limeandikwa TMS kwa herufi kubwa, yaani kuamsha ubongo kwa sumaku kutokea nje ya fuvu. Mama mdogo kainunua elfu tisini kwa ajili ya mwanae, dogo ana sonona muda mrefu, hapati usingizi, chakula hali vizuri, ata mgebuka wa kuchoma ulikua unamshinda. Muuzaji kamwambia hii ndo tiba ya sumaku wanayotumia Ulaya, avae nusu saa kila siku na vidonge aachane navyo.

Mimi ni fundi simu na redio pale Mwanga, kwaiyo ikaletwa mezani kwangu.

Nikianza na mazuri: imeshonwa vizuri na chaji inakaa. Nikapiga bisibisi. Ndani kuna betri ndogo, mota ya vaibresheni kama ya simu, taa, na sumaku nane bapa zimebandikwa kwa gundi kwenye kitambaa. Basi. Hamna koili (waya uliozungushwa) wala kapasita (kile kifaa cha kutunza umeme) ya maana, hamna kitu.

Sasa hapa ndo penyewe. TMS ipo kweli, sio uongo, mzee Anthony Barker na wenzake waliitengeneza Sheffield Uingereza mwaka 1985, Marekani wakairuhusu kutibu sonona 2008, na Uingereza nao 2015 wakaikubali itumike hospitali zao. Ila inavyofanya kazi ni ile ile ya dainamo ya baiskeli, sumaku ikitulia haitoi umeme, lazima nguvu yake ibadilike tena ibadilike fasta. Ile mashine inachaji kapasita kubwa afu inamwaga moto wote kwa mkupuo kwenye koili iliyoshikizwa kichwani, tunaongelea maelfu ya ampia kwa muda usiofika milisekunde moja, sumaku inayotoka hapo inafika kama tesla moja na nusu hadi mbili, nguvu za kwenye MRI hizo, ile mashine ya hospitali ya kupiga picha ndani ya mwili, ndo inapita fuvu na kuzalisha umeme kidogo kwenye ubongo, sentimita mbili tatu tu kutoka juu. Betri ya kofia itoe wapi huo moto jamani? Nilichukua koili ya spika mbovu nikaunga na mita nikaiweka chini ya kofia, imetulia inasoma sifuri, ukiwasha vaibresheni mshale unatikisika kidogo tu na kichwani ndo husikii kabisa.

Alafu hospitali hawakubandiki tu popote. Wanatafuta kwanza sehemu ya ubongo inayochezesha kidole gumba, wanapima nguvu mpaka gumba linaruka lenyewe, ndo wanajua kipimo chako, kisha wanasogeza koili mbele upande wa kushoto. Inagonga ta-ta-ta kwa sauti mpaka unawekewa vizibo vya masikio. Hupigwi nusu kaputi, unakaa macho unaona kila kitu. Dakika ishirini mpaka arobaini, siku tano kwa wiki, wiki nne mpaka sita, japo kuna staili mpya ya dakika tatu tu. Wengi wanaopelekwa ni wale dawa zimegoma, na sio wote wanapona. Kichwa kuuma ni kawaida, degedege inatokea mara chache sana, na mwenye chuma kichwani au kifaa cha kusikia kilichopandikizwa harusiwi.

Kilichoniuma zaidi sio elfu tisini, ni hilo la vidonge. Dogo aliacha ghafla, kizunguzungu na usingizi ukakata kabisa, na hizo dawa hazikatwi ivo, zinapunguzwa taratibu na daktari. Tumemrudisha hospitali ya mkoa kitengo cha afya ya akili, wamemrudishia dozi na wamempangia kuongea na mtu kila wiki. Juzi kaomba ugali wa muhogo na dagaa mwenyewe, mama mdogo alilia jikoni huko.

Nyota moja, nayo ni ya waya wa kuchaji ambao nautumia hapa ofisini. Nimeenda kwa muuzaji kudai hela, kaigeuza geuza kaiangalia akasema kaka hii angalia mwenyewe, ishafunguliwa, garantii imekufa.