Kochi langu limevishwa mahameli: miezi minane baadaye

Kochi lilikuwa limezama katikati, ukikaa unagusa ubao. Nilimpelekea fundi nikijua shida ni kitambaa. Alipokwisha kung'oa pini, kumbe kitambaa ndicho kilichokuwa na nafuu: mikanda ya chini imelegea, sponji imekuwa unga wa manjano unaomwagika sakafuni.

Hapo ndipo aliponikamata. Alinipa vipande viwili vya sponji vya unene mmoja nivipime mkononi. Kimoja chepesi kama mkate, kingine kizito. Mimi siku zote nilikuwa nabonyeza tu, nikiona ngumu naamini ni nzuri. Kumbe wa kuulizia ni uzito wake kwa kila mita ya ujazo: ya kilo 18 iende mgongoni, pa kukalia patake kilo 30 au zaidi. Nilichukua nzito na mpaka leo haijabonyea. Mikanda mipya aliipitisha kama anayesuka ukili, mmoja juu mmoja chini, akaivuta mpaka ukiigonga kwa kidole inalia. Juu ya sponji akatandika pamba ya polyesta ili kona zisichongoke. Kazi ya ndani sina neno.

Kwenye kukata ndipo aliponiudhi. Mahameli ina malaika, yaani vinyweleo vyake laini, yaliyolalia upande mmoja. Ukiipapasa kinyume yanasimama na rangi inakolea. Vipande vyote lazima vikatwe vikielekea upande mmoja, hata kama kitambaa kitaliwa zaidi. Mto wa kati ulikatwa kichwa chini. Taa ikiwaka jioni, una kijani chake peke yake. Fundi akasema ni kivuli. Nikauzungusha palepale, zipu ikaja mbele, rangi ikalingana na ya wenzake. Akaitazama ile zipu, akacheka, akakubali kuushona upya. Bahati mbaya jora lilikuwa limekwisha, na lililofuata lilipakwa rangi siku nyingine, halikufanana kabisa. Basi naishi na mto wangu.

Kitambaa chenyewe sikilaumu. Sampuli iliandikwa kipimo cha msuguano cha Martindale 40,000, yaani idadi ya misuguo ambayo kitambaa kinastahimili kabla ya kuchakaa, na kwa nyumbani hata 25,000 ingetosha. Alama za kukaliwa zipo, lakini mvuke wa pasi iliyoshikwa mbali kidogo na brashi laini huziondoa. Pasi yenyewe isikiguse kitambaa. Mimi nimeshaacha pembe moja ya mkono wa kochi ikiwa na kipara.

Nyota 4.