Miaka miwili na multimita ya kawaida katika pikapu kuukuu

Multimita hii ya dijitali, yaani kifaa cha kupima volti, ampia na ukinzani wa umeme, ambayo ni ya daraja la chini kabisa kati ya zile wanazotumia mafundi, imekaa ndani ya pikapu yangu kwa miaka miwili sasa, na katika muda huo nimeitumia kutafuta hitilafu za umeme ambazo hapo awali zilinifanya ninunue vifaa nisivyovihitaji. Pikapu yenyewe imezidi umri wa miaka 25, nyaya zake zimekatwa na kuungwa na mikono mingi, na kutu imekwisha kuanza kuila bodi upande wa chini. Kwa gari la namna hiyo mita hii inatosha, mradi mtumiaji ajue kwamba kazi yake kubwa si kueleza kama umeme upo au haupo, bali ni kupima volti ngapi zinapotea njiani wakati kifaa kinafanya kazi.

Jambo hilo nilijifunza kutokana na taa za nyuma. Kila nilipokanyaga breki, indiketa ya kushoto iliwaka kwa unyonge, na taa ya breki ya upande huo ikafifia. Nilizima kila kitu, nikaiweka mita kwenye sehemu ya buza, ambayo hulia njia ya umeme ikiwa haijakatika, nikagusa waya wa ethi wa taa (ule unaorudisha umeme kwenye betri kupitia chasisi) kwa ncha moja na chasisi kwa ncha nyingine, ikalia bila kusita, nami nikaamini kwamba ethi ni nzima. Nilikosea. Buza hupitisha mkondo mdogo mno, ambao hata uzi mmoja wa shaba uliosalia ndani ya waya uliooza unaumudu, ilhali balbu ya breki ya wati 21 inahitaji karibu ampia 1.75. Nilipomwomba mtu akanyage breki, kisha nikapima volti kati ya upande wa ethi wa kishikio cha balbu na kichwa cha hasi cha betri, kioo kilionyesha volti 4.3, mahali ambapo hapapaswi kupotea zaidi ya volti 0.2 hivi. Umeme uliokosa njia ya kurudi ulikuwa ukipenya kinyumenyume katika balbu ya indiketa na kwenda kutafuta ethi ya indiketa ya mbele, ndiyo maana taa isiyohusika ikawaka. Nilifungua bolti ya ethi, nikasugua chuma kwa msasa hadi kikang'aa na kufunga kichwa kipya cha waya, na kipimo kikashuka hadi volti 0.06.

Kwa stata, njia hiyo hiyo ilizaa matunda makubwa zaidi. Gari lilikuwa likizungusha injini kwa uvivu asubuhi, na tayari nilikuwa nimeshauriwa ninunue stata nyingine. Betri ikiwa imepumzika ilisoma volti 12.6, yaani imejaa, na wakati wa kuwasha haikushuka chini ya 10.6, kwa hiyo haikuwa na kosa. Huku gia ikiwa huru na breki ya mkono imevutwa, nilipima kebo ya chanya kutoka betri hadi stata wakati ufunguo umeshikiliwa, nikapata upotevu wa volti 0.3, ambao unakubalika. Upande wa ethi, kutoka bodi ya injini hadi kichwa cha hasi, nikapata 1.4. Stata inayovuta ampia 150 hupoteza kiasi hicho kwa ukinzani wa takribani omu 0.01 tu, na hakuna multimita ya kawaida inayoweza kuuona ukinzani huo moja kwa moja, kwa kuwa nyaya zake zenyewe za kupimia zina omu 0.2 au zaidi. Nilibadilisha kebo ya ethi ya injini. Stata ya zamani ingali inafanya kazi.

Sasa kasoro zake, ambazo si chache. Betri yake ndogo ya volti 9 inapoanza kuchoka, mita haizimiki bali huongeza vipimo, na alama ya onyo ni ndogo kiasi cha kutoonekana juani. Siku moja ilinionyesha kwamba alteneta inachaji kwa volti 15.6, nikaanza kuishuku regulata, yaani kidhibiti cha volti za alteneta, hadi nilipoibadilisha betri hiyo na kusoma 14.2, kiwango kizuri kabisa. Tangu hapo huipima kwanza betri ya gari ninayoijua hali yake kabla ya kuamini chochote. Nyaya zake za kupimia zilikakamaa mapema na moja ilikatika ndani kwa ndani karibu na kishikio. Nimezibadilisha kwa nyingine laini zenye vibanio, na kwa maoni yangu hilo ndilo badiliko la kwanza analopaswa kulifanya kila mnunuzi.

Soketi ya ampia 10 inahitaji tahadhari ya pekee, kwa sababu katika mita hii haina fyuzi. Anayesahau waya mwekundu hapo kisha akapima volti za betri atakuwa amepiga shoti kwa mkono wake mwenyewe. Niliitumia mara moja kutafuta umeme unaovuja gari likiwa limezimwa: nilifungua kebo ya hasi, nikaiweka mita katikati, nikasoma ampia 0.4, ilhali gari la zamani lisilo na kompyuta nyingi linapaswa kuwa chini ya 0.05. Kwa uvujaji huo, betri ya ampia-saa 60 humalizika kwa siku sita hivi, na hushindwa kuwasha gari mapema zaidi. Nilichomoa fyuzi moja baada ya nyingine hadi kipimo kilipoanguka kwenye fyuzi ya redio, ambayo mmiliki fulani wa zamani aliiunganishia amplifaya kwenye umeme usiokatika. Kamwe ufunguo usiwashwe kwenye stata mita ikiwa imekaa hivyo.

Bado ninaiweka pamoja na testa ya zamani yenye balbu ya uzi, si ile ya LED, kwa kuwa balbu hiyo huvuta mkondo wa kutosha kuufichua waya dhaifu ambao mita, kwa ukinzani wake mkubwa wa ndani, huusoma volti 12 kana kwamba ni mzima. Testa hiyo siigusishi kwenye nyaya za kompyuta ya injini wala za mifuko ya hewa. Huko hutumia mita peke yake.