miniDSP 2x4 HD kwenye sabufa ya sebuleni: uzoefu wangu

Ukinunua miniDSP 2x4 HD, kisanduku cha kurekebisha sauti kinachokaa kati ya risiva (amplifaya kuu) na sabufa (spika ya besi), ukitarajia besi iongezeke, utajuta. Kwangu imefanya kazi kwa kupunguza. Pale palipozidi pakishashushwa, gitaa la besi linasikika noti kwa noti, si mvumo mmoja kwa kila wimbo.

Sebule ni mita 4.2 kwa 3.5, dari mita 2.8, kuta za tofali za saruji, chini vigae. Kuta nzito hivi zinairudisha besi ndani karibu yote, tofauti na zile nyepesi za mbao na jipsamu za Marekani, kwa hiyo usishangae ukikuta vilele (masafa ambayo chumba huyakuza kupita kiasi) vikali kuliko wanavyoonyesha Wamarekani kwenye video zao. Unaweza kuvikisia kabla ya kupima: gawanya 343, mwendo wa sauti kwa mita kila sekunde, kwa urefu wa chumba mara mbili. 343 kwa 8.4 ni karibu 41 Hz (mitetemo kwa sekunde). Hapo hapo kipimo kilionyesha kilele cha 9 dB (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti), na kingine kidogo 49 Hz kutokana na upana.

Napima kwa maikrofoni ya UMIK-1 na programu ya bure ya kompyuta, REW. Faili la usahihishaji la maikrofoni hupakuliwa kwa namba yake ya usajili; usitumie la mwenzako. Iweke kwenye stendi usawa wa masikio, zima ekwalaiza ya risiva, kisha piga sauti ya kupanda kutoka 15 hadi 200 Hz kwa kiasi cha 75 dB. Grafu isome bila kuilainisha, maana kulainisha huficha vilele vyembamba. Pima viti vitatu angalau. Filta (rekebisho la masafa fulani) iliyotengenezwa kwa kiti kimoja inaweza kumharibia anayekaa pembeni.

Kilichochukua muda zaidi ni shimo la 71 Hz, yaani masafa yaliyokuwa yakipotea nilipokaa. Sofa ilikuwa mita 1.2 kutoka ukuta wa nyuma. Wimbi linalopita hadi ukutani na kurudi linasafiri mita 2.4 zaidi, nusu ya urefu wake kwa masafa hayo, na linalifuta lile linalotoka mbele. Shimo la aina hii halijazwi kwa ekwalaiza. Ukiongeza 6 dB, amplifaya inadaiwa nguvu mara nne, na wimbi la kufuta nalo linapanda vilevile. Nilisogeza sofa nyuma sentimita 30. Shimo likahamia karibu na 95 Hz, juu ya mpaka wa sabufa wa 80 Hz (juu yake spika nyingine ndizo zinazopiga), ambako halinisumbui sana. Kilele cha 41 Hz kilipanda 2 dB kwa kusogea huko, nami nilikubali bila kinyongo: kilele kinakatika, shimo halizibiki.

Kwenye REW weka nyongeza ya juu kuwa 0 dB na masafa ya kusawazisha 20 hadi 90 Hz. Filta mbili zilinitosha kati ya kumi za kila chaneli: 41 Hz, −10 dB, Q 5 (Q ikiwa kubwa, filta ni nyembamba), na 49 Hz, −4 dB, Q 6. Mwangwi wa 41 Hz, uliokuwa ukiburuta zaidi ya nusu sekunde, nao ulifupika.

Hapa ndipo wengi hukosea: katika orodha ya vifaa ya REW, chagua 2x4 HD hasa. Yenyewe huchakata sauti kwa 96 kHz (sampuli 96,000 kwa sekunde), ile 2x4 ya zamani kwa 48 kHz. Ukipakia namba za filta zilizokokotolewa kwa 48 kHz kwenye HD, filta ya 41 Hz itaangukia 82 Hz, kilele kibaki na besi ya juu itobolewe.

Tazama pia vipimo vya kiwango cha sauti inayoingia kwenye kifaa. Kuna jampa (kiunganishi kidogo cha kuhamisha) ndani ya kuchagua volti 2 au 4. Risiva ikitoa sauti kubwa kwenye mpangilio wa volti 2, sauti inakwaruza na utailaumu sabufa bure. Kutoa ni volti 2 mwisho, hivyo huenda ukahitaji kuongeza kitufe cha sabufa yenyewe. Kama sabufa ina tundu la hewa, weka filta ya kukata chini ya masafa ya tundu hilo, kwani chini yake koni hupoteza kizuizi na kupepea hovyo.

Ukisikia mvumo wa 50 Hz hata muziki ukizimwa, huo ni wa waya za umeme. Chomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja kabla ya kugusa filta yoyote, na usikate pini ya athi.

Umeme ukikatika mipangilio haipotei, iko ndani ya kifaa, wala kompyuta haihitajiki tena baada ya kuipakia. Usawazishaji wa risiva uendeshe mwisho kabisa, ili upime umbali wa sabufa pamoja na ucheleweshaji wa kifaa. Kila milisekunde 1 ya ucheleweshaji ni sawa na sentimita 34 za umbali.