Kinachoshika Kebo: Mwongozo wa Kununua Kifaa cha Kuzibulia Mabomba kwa Wakazi wa Mtwara na Lindi

Mtu akiingia katika duka la vifaa vya ujenzi, Mtwara mjini au Lindi, akaulizia kifaa cha kuzibulia sinki, muuzaji humjibu kwanza kwa urefu: kipo cha mita tano, kipo cha mita kumi, kipo cha mita kumi na tano. Akidadisi zaidi huelezwa nguvu ya mota. Ni nadra kuelezwa namna kebo inavyobanwa, inavyosukumwa mbele na inavyorudishwa, ilhali sehemu hiyo ndogo inayokaa mdomoni mwa kifaa ndiyo inayoamua kama kazi itakwisha kwa robo saa, au kama kebo itajisokota ndani ya bomba na kumlazimu mwenye nyumba kuita fundi wa kuvunja sakafu. Mwongozo huu unapanga aina tano zinazopatikana kwa kufuata kigezo hicho, huku ukizingatia nyumba, gesti na mafundi wa pwani ya kusini, ambako mchanga na hewa ya chumvi huharibu chuma haraka na ambako kipuri kilichokosekana dukani huagizwa Kariakoo.

Kebo ya kuzibulia ni springi ndefu iliyosukwa kwa kubana, na inapofanya kazi huwa na miendo miwili kwa wakati mmoja: inazunguka, na inasonga mbele. Taabu huanza pale kichwa cha kebo kinapokwama kwenye uchafu mgumu au kwenye kiwiko huku upande wa mtumiaji ukiendelea kuzungushwa. Mzunguko usiofika mbele hujilimbikiza ndani ya kebo, kisha kebo hutafuta mahali palipo wazi pa kujikunjia, na mahali hapo mara nyingi ni kile kipande kilicho kati ya kifaa na mdomo wa bomba, karibu kabisa na mkono wa mtu. Kwa hiyo kidhibiti kizuri, yaani hiyo sehemu inayoshika kebo, kinapaswa kubana kebo barabara ili mzunguko ufike kichwani, kuiachia papo hapo inapokwama, na kumruhusu mtumiaji kufanya kazi akiwa karibu sana na mdomo wa bomba. RIDGID ya Marekani, katika maelekezo ya mashine yake ya K-45, hutaka mdomo wa mashine usiwe mbali na mdomo wa bomba kwa zaidi ya sentimita 15. Kipimo hicho kinafaa kufuatwa hata na anayetumia kifaa cha mkono cha bei nafuu.

Nafasi ya kwanza ninaipa mashine ndogo ya dramu, yaani pipa ambamo kebo huviringishwa, yenye kishikio cha kutelezesha. Mbele ya dramu kuna shingo, na juu ya shingo hiyo kuna kishikio kinachoshikwa kwa mkono wa kushoto. Kikitelezeshwa upande mmoja, taya zilizo ndani huibana kebo kutoka pande zake zote, na kikirudishwa upande wa pili huiachia. Mtumiaji huvuta kebo kidogo kutoka kwenye dramu, huibana, huwasha mota, kisha huisukuma mashine nzima mbele kwa urefu wa kiganja au zaidi kidogo, huachia, hurudi nyuma na kuvuta tena. Kazi hii ni ya polepole, lakini uzuri wake ni kwamba mkono hauishiki kebo inayozunguka, bali unashika kishikio, na kupitia kishikio hicho mtu huhisi kila kinachotokea ndani ya bomba. Kebo inapopita kwenye kiwiko huleta mtetemo mfupi kisha hulainika. Inapofika kwenye uchafu wenyewe, mashine huanza kutaka kujipinda mkononi, na hapo ndipo kidole kinapaswa kuachia swichi.

Sababu ya kuiweka juu ya nyingine inatokana zaidi na mazingira ya huku. Taya hizo, springi yake ndogo na kishikio chenyewe ni sehemu chache, na mchanga ukiingia huoshwa kwa maji safi na brashi bila kufungua nati hata moja. Kebo yake ya milimita 8 au 10 inatosha kwa mabomba ya inchi moja na nusu na ya inchi mbili, ambayo ndiyo mabomba ya sinki, beseni la kunawia na bafu, na ambayo jikoni kwetu huzibwa na machicha ya nazi yaliyochanganyika na mafuta ya kukaangia na magamba ya samaki. Uchafu wa namna hiyo ni laini lakini unanata, hivyo unahitaji kebo ipite na kurudi mara nyingi zaidi kuliko nguvu kubwa. Mwenye gesti, ambaye msimu wa korosho ukianza vyumba vyake hujaa na bafu zote hutumika asubuhi moja, atarudisha fedha yake kwa kifaa hiki mapema. Kasoro yake ni kwamba taya huchakaa na kuanza kuteleza, kwa hiyo mnunuzi aulize kabla ya kulipa kama taya za akiba zinapatikana, na asikubali jibu la kwamba haziharibiki.

Nafasi ya pili ni dramu la mkono lenye skrubu ya kubana, yaani lile linalozungushwa kwa mkono na kufungwa kwa skrubu ya kipepeo shingoni. Kwa nyumba ya familia moja hiki kinatosha, na ni kifaa ambacho mtu yeyote mwenye subira anaweza kujifunza. Mtumiaji huingiza kebo kwa mkono hadi ikatae, huacha sentimita 15 nje ya mdomo wa bomba, hukaza skrubu, huzungusha dramu huku akisukuma taratibu hadi shingo ikaribie bomba, hulegeza skrubu, huvuta dramu nyuma sentimita 15 nyingine, hukaza tena na kuendelea. Anayezungusha dramu kabla ya kukaza skrubu anazungusha plastiki tupu, kwani kebo haizunguki. Na anayevuta kebo ndefu nje kabla ya kukaza, ili asisumbuke kukaza mara kwa mara, anajitengenezea fundo.

Udhaifu wa skrubu ni kwamba hubana kebo mahali pamoja tu. Ikikazwa kwa koleo, huitoboa au huitandaza mizunguko ya springi, na sehemu hiyo hupinda kila siku zinavyokwenda hadi ikakatika. Basi dukani mnunuzi atazame mambo mawili. Kwanza, skrubu iwe na ncha butu au kifuniko, wala isiwe kali kama ya kuingilia mbao. Pili, tundu linalopokea skrubu liwe na nati ya chuma iliyozamishwa ndani ya plastiki. Skrubu inayoingia katika plastiki tupu hula uzi wake upesi, na baada ya hapo haibani tena, hata dramu likiwa bado jipya. Jaribio ni rahisi: vuta kebo mita moja, kaza skrubu kwa vidole tu, shika ncha ya kebo na uivute kwa nguvu. Ikiteleza mbele ya muuzaji, itateleza zaidi ikishalowa mafuta.

Ya tatu ni mashine yenye rola za kujisukuma, na najua mafundi wengi watashangaa kuiona hapa badala ya kileleni. Ubunifu wake ni wa kupendeza. Ndani ya shingo kuna beringi tatu ndogo zilizopangwa kuizunguka kebo, kila moja ikiwa imeinamishwa kidogo. Mtumiaji akibana wenzo wa shingoni, beringi hugandamiza kebo inayozunguka, na kwa sababu ya ule mwinamo kebo huanza kusonga yenyewe kama nati inavyotembea juu ya bolti. Kasi ya kusonga hutegemea kasi ya kuzunguka, na wenzo ukiachiwa kebo husimama mahali ilipo ingawa inaendelea kuzunguka. Kurudisha kebo hufanywa kwa wenzo wa pili au kwa kugeuza mzunguko wa mota, kutegemea aina. Mkono haugusi uchafu, kazi huenda haraka, na mtu mmoja anaweza kuzibua bafu kadhaa mfululizo bila kuinuka. Tofauti ya bei kati ya aina hii na ile ya kwanza inaonekana wazi kwa mtengenezaji mmoja, RIDGID: K-45 ya kishikio na K-45AF ya rola zina dramu na mota ya namna moja, na kinachozitenganisha ni hiyo shingo tu.

Pingamizi langu ni mbili. Beringi ni adui wa mchanga, na mabomba yetu mengi, hasa ya bafu za nje na za nyumba za karibu na ufukwe, hubeba mchanga mwingi unaoshuka kutoka miguuni. Kebo inaporudi hurudi na mchanga huo, nao huingia moja kwa moja kwenye rola. Asiyeosha, asiyekausha na asiyetia mafuta shingo kila baada ya kazi atakuta beringi zimeganda kwa kutu, na beringi iliyoganda haisukumi kebo bali huikwaruza. La pili ni kwamba rola humwondolea mtu hisia ya mkono. Kebo inapogonga uchafu mgumu, rola huanza kuteleza juu yake, jambo ambalo ni kinga kwa kiasi fulani, lakini mzunguko haukomi; anayeendelea kubana wenzo kwa matumaini kwamba itapita, anakusanya msokoto bila kujua. Kwa fundi mzoefu anayefanya kazi hii kila siku, na anayetunza vifaa vyake, mashine hii ingepanda hadi nafasi ya kwanza. Aichague baada ya kuhakikisha shingo inakubali kebo za unene anaotumia, kwa kuwa rola za kebo ya milimita 8 hazibani vizuri nyembamba zaidi.

Nafasi ya nne inachukuliwa na mashine kubwa za bomba la inchi nne, linalotoka chooni hadi kwenye chemba na kuelekea shimo la majitaka. Huko ndiko hukutwa mizizi ya miembe iliyopenya kwenye maungio ya bomba, na huko kebo ya milimita 8 haina kazi. Kwa upande wa udhibiti pekee, mashine za vipande zenye klachi zinashinda zote: mota huzunguka muda wote, lakini kebo haizunguki mpaka fundi avute wenzo wa klachi, na akiuachia tu kebo husimama. Kebo zake za milimita 16 huunganishwa kwa vipande vya takribani mita 2.3, hivyo fundi hubeba kile anachohitaji. Zipo pia za dramu, mfano K-400 ya RIDGID, ambayo dramu lake huacha kuzunguka kebo inapokwama, ili kebo isijipindue ndani ya dramu. Nimeziweka nafasi ya nne kwa sababu ya bei na uzito wake tu. Mwenye nyumba hana sababu ya kununua. Amtafute fundi mwenye nayo.

Ya mwisho ni waya mtupu wenye mpini unaoteleza, ule unaoning'inizwa mlangoni mwa duka ukiwa umeviringishwa na kufungwa kwa uzi. Hauna dramu, kwa hiyo sehemu yote iliyobaki nje huzunguka na kuchapa kuta na miguu, na mpini wake hufungwa kwa skrubu moja isiyo na nati ya maana. Unanunuliwa kwa kuwa ni rahisi. Mwenye fedha hiyo hiyo akiongeza kidogo atapata dramu la mkono. Usichanganywe na kifaa cha chooni chenye bomba gumu lililopinda mwishoni na mpira wa kuzuia michubuko: hicho nacho hakina dramu, lakini bomba lake lenyewe huielekeza kebo mpaka ndani ya bakuli, na kwa choo cha kuflashi ndicho kinachofaa kuliko vyote vilivyotajwa.

Kwa anayenunua mashine ya umeme, kabla ya kutoka dukani asome kibati kilichobandikwa kwenye mota. Umeme wetu ni volti 230 na hezi 50; mashine zilizotengenezwa kwa soko la Marekani huandikwa volti 120 na hezi 60, na ikichomekwa moja kwa moja huungua. Pedali ya mguu ni ya lazima kwa mashine kubwa, na iwe ile inayozima mguu ukiondoka. Iunganishwe kupitia kikatio cha umeme unaovuja, kile ambacho mafundi umeme hukiita RCD, cha miliampia 30, kwani mtumiaji husimama kwenye maji. Glovu ziwe za ngozi, kwa sababu za kitambaa hunaswa na kebo. Dramu la plastiki nene linafaa zaidi kuliko la bati, kwa kuwa maji yanayobaki chini ya dramu la bati, kwa hewa yetu ya bahari, hulianzishia kutu ndani ya muda mfupi. Na kebo yenye kiini cha waya katikati ni bora kuliko iliyo wazi ndani, kwa kuwa haikunjiki kirahisi; ili kuitambua, muombe muuzaji aipinde kidogo kwa mkono, uchungulie kati ya mizunguko yake.