Kasi ya diski: Windows 10 na Ubuntu kwenye mashine moja

Ukiambiwa Linux inanakili faili mara tatu ya Windows kwenye mashine ileile, uliza kwanza: imenakili wapi? Nina saiba ndogo Kondele, hapa Kisumu, yenye kompyuta za mezani za ex-UK (zilizotumika Uingereza), RAM ya GB 8 na diski za SSD za aina ya SATA. Moja nimeiwekea Windows 10 na Ubuntu, aina ya Linux, kwa pamoja, nizilinganishe bila kusingizia vyuma.

Jaribio la kwanza lilinichekesha. Amri ya dd, inayonakili data na kutaja kasi yake, kwenye Ubuntu ilidai inaandika zaidi ya gigabaiti 2 kwa sekunde, ilhali SSD ya SATA, hata ikiwa mpya, haivuki megabaiti 550 hivi. Hiyo ziada ni RAM. Linux hupokea data, huiweka kwenye kashe (sehemu ya RAM inayoshikilia data kwa muda), husema tayari, kisha huiandika diskini baadaye. CrystalDiskMark, programu ya kupima diski, upande wa Windows huiruka kashe na kupima diski yenyewe, kwa hiyo kuweka namba hizo mbili kwenye jedwali moja ni kazi bure. Nilipoongeza oflag=direct kwenye dd, nayo iiruke kashe, tofauti ikayeyuka karibu yote. Anayepima usomaji naye afute kashe kwanza, kwa mpangilio wa drop_caches kwenye Linux au programu ya RAMMap kwenye Windows, la sivyo mara ya pili faili inatoka RAM na diski haijaguswa.

Kazini kwangu tofauti inaonekana kwenye flashi. Wapiga picha wa harusi na mazishi huja kuchukua video zao wakiwa na haraka, matatu inawangoja. Tangu toleo la 1809, Windows 10 huzima kashe ya kuandika kwenye flashi, hivyo mstari wa kunakili unatambaa lakini hausemi uongo: ukifika mwisho, chomoa. Ubuntu mstari unakimbia, unajaa, mteja ananyoosha mkono, na bado zaidi ya gigabaiti moja iko kwenye RAM. Kiwango cha kawaida cha Linux kinaruhusu data isiyoandikwa ifike asilimia 20 ya kumbukumbu inayopatikana. Kwa flashi inayoandika megabaiti 8 kwa sekunde, hizo ni dakika mbili na zaidi za kumshika mtu mkono. Nimeshusha kikomo hicho, kwa mpangilio wa vm.dirty_bytes, hadi megabaiti 64 na sasa mstari unasema ukweli, au karibu na ukweli.

Kwenye faili ndogondogo mambo yanageuka. Folda ya maelfu ya picha za pasipoti Ubuntu inaimaliza mapema, Windows inahema. Sehemu kubwa ya sababu ni Defender, kinga ya virusi ya Windows, inayokagua kila faili inapofunguliwa. Kuitoa folda hiyo kwenye ukaguzi kunasaidia sana, ila kwa saiba sishauri. Flashi zinazoingia hapa zina virusi vya kila ukoo.

Halafu kuna stima. Ikipotea ghafla, kilichokuwa kwenye kashe kimekwenda, mfumo wowote ule. Kwa kawaida Linux inaweza kuikalia data kama sekunde 30 kabla ya kuiandika, isipokuwa programu yenyewe iamuru iandikwe papo hapo, kwa fsync. Kwa hiyo yeyote anayehariri video kwenye kompyuta ya mezani Kisumu anunue UPS, betri ya kushikilia stima ikipotea, kabla ya kubishana kuhusu mifumo.

Mashine za mbele, zinazoguswa na wateja, nimeziacha Windows. Ya nyuma, ya kuhariri na kuhifadhi, ni Ubuntu. Na mwenye pesa kidogo ya kuboresha, ambaye tayari ana SSD, afikishe RAM GB 16 kabla ya kutafuta SSD ya bei kali: video ya gigabaiti chache inabaki kwenye kashe kila unapoirudia, na hapo mifumo yote miwili inafanya vizuri.